Kubadili kitako cha bunduki ya kuwindia na kuweka cha mbao za tabaka: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Katika ukurasa huu "kitako" ni mti wote wa bunduki, kuanzia begani hadi chini ya mtutu. "Mwili" ni chuma kinachobeba komeo na chemba. "Jino la teke" ni kile chuma kinachoshuka chini ya mwili, karibu na mtutu unapoanza, ambacho hulala ndani ya mti na kupokea nguvu yote ya bunduki inaporudi nyuma. Maswali mengi yanayofuata, ukiyafuatilia hadi mwisho, yanarudi kwenye jino hilo.

Mbao za tabaka ni nini hasa, na zina faida gani kuliko mninga au mkongo?

Ni vipande vyembamba vya mbao, kwa kawaida mti wa birchi, vyenye unene wa milimita 1.5 hivi. Hupakwa rangi hadi ndani, hulowekwa gundi na kubanwa kwa mashine kubwa vikawa pande moja. Kitako chenye unene wa milimita 45 kina tabaka karibu 30. Kwa miaka mingi pande nyingi zilitoka kiwanda cha Rutland, Vermont, huko Marekani, ambacho kiliungua mwaka 2014. Sasa zinatengenezwa kwingine, na vitako vilivyokwisha kuchongwa vinauzwa na kampuni kama Boyds ya South Dakota.

Faida yake ni utulivu. Bunduki inayolala Tukuyu, ambako mvua ya mwaka inapita milimita 2,000, kisha ikapelekwa kwenye ukavu wa Chunya au Rungwa, inahama kutoka hewa yenye maji hadi hewa inayonyonya maji. Mti mzima unavimba na kusinyaa, mbele ya kitako inajipinda kidogo na kuusukuma mtutu, na shabaha inahama bila mtu kugusa darubini. Tabaka zinazuiana zisijipinde. Hata hivyo tusizitukuze kupita kiasi: mninga uliokauka vizuri ni miongoni mwa miti iliyotulia sana duniani, na kitako kizuri cha mninga hakina sababu ya kutupwa. Hasara ya tabaka ni uzito. Tarajia gramu 300 hadi 500 zaidi ya kitako cha kawaida.

Mafinga kuna viwanda vya plaiwudi. Siwezi kubandika tabaka zangu mwenyewe?

Usifanye hivyo. Plaiwudi ya ujenzi hupangwa tabaka moja kwa urefu na inayofuata kwa upana, ili karatasi iwe imara pande zote mbili. Kitako kinataka nyuzi zote, au karibu zote, zikimbie kwa urefu, hasa shingoni, mahali mkono unaposhika na mti ni mwembamba. Katika plaiwudi nusu ya mbao pale shingoni inakuwa imelala kwa upana, na mbao ya upana haishikilii kitu. Ukipiga risasi kadhaa zenye nguvu kama za .30-06 inaweza kukatika. Tena msonobari wa Sao Hill ukitolewa tabaka nene za plaiwudi ni laini mno mahali jino linapoegemea. Plaiwudi ya Mafinga itumie kutengeneza sanduku la kubebea bunduki.

Sheria inaniruhusu kufanya kazi hii nyumbani?

Silaha na ukarabati wake vinasimamiwa na Sheria ya Udhibiti wa Silaha na Risasi ya mwaka 2015. Kukarabati silaha za watu kwa malipo ni kazi ya mwenye leseni. Kwa silaha yako mwenyewe unayoimiliki kihalali, nenda kwanza ofisi ya polisi inayoshughulikia leseni yako na uulize kabla ya kuagiza kitako kutoka nje na kabla ya kumkabidhi fundi yeyote bunduki. Fundi seremala, hata awe hodari namna gani, hapaswi kubaki na bunduki yako usiku. Kama seremala ndiye atakayechonga, mpelekee mti na umsimamie, chuma kibaki mikononi mwako. Usifute wala kusugua namba ya silaha kwa sababu yoyote. Namba hiyo iko kwenye chuma, kwa hiyo kubadili mti hakuigusi.

Tangazo lilisema kitako "kinaingia moja kwa moja". Mbona bunduki haikai?

Kwa sababu karibu hakuna kinachoingia moja kwa moja. Kiwanda huacha mbao kidogo ndani ili mnunuzi aondoe. Sababu nyingine ni kwamba jina moja la bunduki lina miili ya urefu tofauti, na mtutu mwembamba au mnene. Mauser 98 ndiyo inayosumbua zaidi: imetengenezwa na viwanda vingi katika nchi nyingi, na ya jeshi iliyogeuzwa kuwa ya kuwindia huenda imesuguliwa na mafundi watatu kabla yako. Kabla ya kununua, pima kwa vernia umbali kati ya vituo vya skrubu mbili za chini, unene wa mtutu kila sentimita 5, na urefu wa sanduku la risasi. Peleka vipimo hivyo kwa muuzaji. Jina la bunduki peke yake halitoshi.

Niandae zana gani?

Vaisi yenye mbao laini au ngozi midomoni. Bisibisi zinazojaa sawasawa kwenye mfereji wa skrubu. Bisibisi nyembamba ya kawaida itaharibu vichwa vya skrubu siku ya kwanza, na skrubu za Mauser zina uzi wa 1/4-22 usiopatikana duka la vyuma lolote Mwanjelwa. Patasi kali za milimita 6 na 12, tupa nusu duara, kijiti cha mviringo cha kuzungushia msasa, vernia, tepu ya karatasi. Epoksi ya kukauka polepole yenye unga wa chuma, gramu 100 hivi. Kiwi isiyo na rangi au nta ya kuzuia gundi isishike. Plastisini ya watoto. Spana ya kupimia nguvu yenye vipimo vidogo, chini ya Nm 10. Ile ya gereji ya kufungia magurudumu haifai hapa.

Gundi inayounganisha tabaka ni ngumu kuliko mbao yenyewe, kwa hiyo patasi itakuwa butu upesi. Weka jiwe la kunolea mezani.

Naanzaje kufungua?

Toa risasi zote, ziweke chumba kingine. Fungua komeo, tazama chemba kwa macho na uingize kidole kidogo, kisha toa komeo kabisa. Vua darubini kama utailaza bunduki kwa epoksi, yaani kujaza epoksi kati ya chuma na mti ili mwili ukae sawasawa. Fungua skrubu ya mbele, ya nyuma, na ya kati kama ipo, na uandike ipi imetoka wapi, maana mara nyingi hazilingani urefu.

Kwa Mauser kuna jambo moja la kuangalia. Skrubu ya nyuma hupita ndani ya kibomba kidogo cha chuma kilichomo ndani ya mti wa zamani. Watu hukiacha humo, wanafunga kitako kipya bila hicho, halafu wanashangaa kwa nini kila wanapokaza mti unaendelea kubonyea. Kitoe kwa kukigonga taratibu na ukihamishie kwenye kitako kipya.

Nitajuaje mbao ya kuondoa ndani?

Tumia masizi ya kibatari. Washa kibatari chenye moshi, pitisha sehemu ya chini ya mwili juu ya moshi huo hadi ipate weusi mwembamba, kisha ishushe kwenye mti, igonge kidogo kwa kiganja na uinue. Palipoguswa patakuwa na alama nyeusi. Kwangua alama hizo tu kwa patasi au msasa kwenye kijiti, rudia. Rangi ya mdomo iliyopakwa nyembamba nayo inafaa, tena ni rahisi zaidi kuliona doa lake kwenye tabaka za kijivu, ambako masizi yanapotea.

Tumia skrubu mbili ndefu zilizokatwa vichwa ziwe nguzo za kuongozea mwili ushuke wima. Bila hizo mwili utaingia kimshazari kila mara na alama zitakudanganya. Ondoa nusu milimita au chini ya hapo kwa zamu. Wenye haraka huondoa mbao pembeni ili "iingie", na bunduki inaishia kucheza kushoto na kulia. Mwili unatakiwa ukae kwa uzito wake mwenyewe, ukibanwa kidogo kwa kidole gumba, pasipo nyundo na pasipo kuvutwa na skrubu. Ukiona skrubu ndiyo inayoushusha mwili, mwili unapindwa. Chuma kilichopindwa hakipigi mahali pamoja risasi tatu mfululizo.

Kitako kilipasuka nyuma ya mwili baada ya risasi chache. Ni mbao mbovu?

Mara nyingi mbao haina kosa. Jino la teke halikuegemea mti, au liliegemea upande mmoja. Bunduki ikarudi nyuma hadi kitu kingine kikaizuia, na kitu hicho ni mkia wa mwili, ile ncha nyembamba nyuma ya komeo. Mkia una umbo la kabari, na unapasua mti kama shoka lipasuavyo kuni.

Dawa ni mbili, nazo huenda pamoja. Uso wa nyuma wa jino uguse mti upana wake wote. Ukipaka masizi, weusi uhamie kote, isiwe kona moja. Na nyuma ya mkia kuwe na nafasi ya nusu milimita hadi milimita moja. Wapo wanaoona nafasi hiyo inaharibu sura na kutaka chuma na mti vishikane kabisa. Vinapendeza hadi siku ya kwanza ya kupiga risasi.

Ufa mfupi unaweza kurekebishwa: panua kidogo kwa kabari nyembamba, ingiza epoksi nyepesi iliyopashwa moto kidogo, bana kwa mpira wa tairi la baiskeli uliozungushwa, acha saa 24. Kisha rekebisha jino, vinginevyo utapasuka palepale.

Kulaza kwa epoksi kunafanywaje hatua kwa hatua?

Kwanza fanya zoezi zima kavu, bila epoksi, ujue mwili unaingia na kutoka kwa urahisi.

Kwangua milimita 2 hivi za mbao nyuma ya mahali pa jino, chini ya sehemu ya mbele ya mwili, na chini ya mkia. Acha visehemu vidogo vya mbao ya asili bila kuvigusa ili mwili ubaki kwenye kimo chake. Toboa matundu madogo ya milimita 3 ndani ya eneo hilo ili epoksi ishike mizizi. Kama unaweka nguzo za alumini (vibomba vya kupitishia skrubu) kwenye matundu ya skrubu, na kwa bunduki yenye teke kubwa tunashauri uziweke, toboa milimita 14, zikate urefu kamili kati ya mwili na chuma cha chini, na tundu lake la ndani liwe pana kiasi cha skrubu kupita bila kugusa kuta.

Sasa chuma. Bandika tepu ya karatasi mbele, pembeni na chini ya jino, tabaka moja au mbili. Uso wa nyuma wa jino uache wazi. Maana yake ni kwamba ukiondoa tepu baadaye, jino litagusa nyuma tu, penye kazi, na sehemu nyingine litakuwa na nafasi. Ziba matundu yote ya chuma kwa plastisini: tundu la pini ya triga, mifereji, matundu ya skrubu, kila mahali epoksi inapoweza kuingia na kujifunga. Nyuzi za skrubu zijaze nta. Zungusha tepu kwenye mtutu, karibu na ncha ya mti, hadi uelee katikati ya mfereji wake.

Paka Kiwi chuma chote, pamoja na mahali unapodhani epoksi haitafika. Acha ikauke, futa wepesi, paka mara ya pili. Hatua hii ukiiruka hutaifungua bunduki tena.

Changanya epoksi kwa mizani na siyo kwa macho; uwiano ukiharibika, epoksi inabaki kama mpira. Koroga dakika 3 polepole ili isiingize hewa. Ipake kwanza kwa kuisugulia kwenye mbao kwa kijiti, kisha ongeza, na weka kidogo nyuma ya jino lenyewe ili hewa isinaswe kwenye kona. Shusha mwili kwa nguzo za kuongozea, ubane kwa mkono au kwa mpira uliozungushwa mara chache. Usikaze skrubu. Epoksi iliyozidi itamwagika pembeni. Ifute kwa kitambaa chenye siki au spiriti, tena na tena, kwa saa nzima ya mwanzo.

Acha saa 24 kwa joto la nyuzi 20 au zaidi. Fungua kwa kuvuta juu moja kwa moja, anza mbele. Kwangua kingo zilizoningʼinia, ondoa tepu, safisha.

Ujaribu hivi: funga skrubu zote, weka kidole mahali mtutu na ncha ya mti vinapokaribiana, kisha legeza skrubu ya mbele taratibu. Ukihisi mti unahama, mwili bado unapindwa na kazi irudiwe. Mwenye geji ya saa atafute mwendo usiozidi milimita 0.05.

Njombe ni baridi. Epoksi haikauki hata siku ya pili.

Epoksi haikauki kwa hewa kama rangi. Inaganda kwa mwitiko wa kemikali, na mwitiko huo unazidi kupungua kasi kadiri joto linavyoshuka. Kwa makadirio ya mafundi, joto likipungua nyuzi 10 muda unakuwa mara mbili. Juni na Julai, Njombe, Makete na hata Mbeya mjini usiku huwa chini ya nyuzi 10, na epoksi nyingi za kawaida chini ya hapo zinalala tu. Tatizo halina uhusiano na ubora wa kopo.

Pasha chupa zote mbili kwenye maji ya vuguvugu, nyuzi 30 hivi, kabla ya kuchanganya, ukijua kwamba muda wa kufanya kazi utapungua. Baada ya kulaza, funika bunduki kwa boksi la katoni na uweke ndani balbu ya zamani ya waya ya wati 60, isiguse kitu. Usitumie jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa. Jiko hilo linaua watu kila msimu wa baridi bila epoksi yoyote kuhusika.

Bodi fila ya magari je? Gundi nyeupe ya maji?

Hapana kwa zote. Bodi fila inasinyaa inapokauka na inavunjika vipandevipande ikipigwa mara nyingi. Hutaiona hadi siku utakayofungua na kukuta unga. Gundi nyeupe inapoteza maji, inaacha pengo. Epoksi ya dakika 5 nayo haifai: itaganda kabla hujamaliza kushusha mwili.

Imeganda. Mwili hautoki.

Usipige kwa nyundo ya chuma. Hakikisha skrubu zote zimetoka. Iweke bunduki, ikiwa imefungwa ndani ya mfuko wa nailoni, kwenye friza usiku mzima. Chuma na mbao vinasinyaa kwa viwango tofauti na Kiwi inapata nafasi ya kuachia. Itoe, shika kitako, gonga mtutu kwa nyundo ya mpira kuelekea juu. Skrubu iliyonaswa ipashe kichwa kwa ncha ya pasi ya kulehemu nyaya za umeme kwa dakika mbili, epoksi italainika. Ikishindikana kabisa, mti ndio utolewe kafara, usihangaike na chuma.

Mtutu uguse mti au uelee?

Kwa mbao za tabaka, uelee, na nafasi iwe milimita 1.5 pande zote. Noti iliyokunjwa mara mbili ipite bila kukwama kutoka ncha hadi karibu na mwili. Nafasi ndogo kuliko hiyo inaonekana nadhifu, lakini ukishika mbele kwa nguvu au ukiegemeza kwenye tawi, mti unagusa. Baadhi ya mitutu myembamba hupenda kusukumwa kidogo pale nchani. Jaribu kuelea kwanza, na kama risasi zinatawanyika ndipo uweke kibonge kidogo cha epoksi.

Skrubu zikazwe kiasi gani?

Kama hakuna nguzo za alumini, Nm 4.5 hivi. Zikiwepo, Nm 6 hadi 7. Anza na ya mbele, kisha ya nyuma. Ya kati, kwa bunduki zenye skrubu tatu, ishike tu. Ukiikaza inavuta mwili katikati na kuupinda.

Baada ya kukaza, rudisha komeo na lifunge. Likiwa gumu ghafla, skrubu ni ndefu mno. Kwa Remington 700 skrubu ya mbele ikizidi inaingia njiani mwa komeo. Ipunguze kwa tupa nusu milimita kwa zamu. Angalia pia sanduku la risasi: litikisike kidogo juu na chini. Lisipotikisika, ndilo linalobeba mwili badala ya mti, na kazi yote ya kulaza haina maana. Mwisho, bila risasi, hakikisha triga na sefu (kizuizi cha usalama) vinafanya kazi bila kusugua mbao.

Urefu wa kitako niupimeje?

Kutoka triga hadi katikati ya pedi. Vitako vya kiwandani vingi ni milimita 345 hivi. Kunja kiwiko nyuzi 90, weka pedi ndani ya kiwiko. Pingili ya kwanza ya kidole cha shahada ifike kwenye triga. Pima ukiwa umevaa koti utakaloenda nalo. Anayewinda alfajiri za baridi akiwa na jaketi zito apunguze milimita 10.

Unapokata, zungusha tepu ya karatasi, chora mstari juu yake, tumia msumeno wa meno madogo, na anzia upande unaoonekana zaidi, kwa sababu meno yanapotokea ndipo yanapong'oa tabaka. Pedi ya mpira isagwe ikiwa imebandikwa kwenye mti wenye tepu, kwa msasa namba 80 kisha 120.

Niupige msasa hadi namba ngapi?

120, 180, 240, 320. Zaidi ya hapo kabla ya kupaka ni kupoteza muda. Jambo kubwa ni kutumia kibao kigumu chini ya msasa. Ukisugua kwa vidole, mbao laini inaondoka na mistari ya gundi inabaki, na baada ya vanishi utaona mawimbi yote juani. Baada ya 240 futa kwa kitambaa chenye maji kidogo, acha ikauke, vinyweleo vitasimama. Vikate kwa 320. Usijali kusugua rangi, imeingia tabaka zima. Vaa barakoa, vumbi lake lina gundi ndani.

Mafuta ya kitani au vanishi?

Kwa mninga, mafuta. Kwa tabaka, kitu kinachokaa juu. Mbao hizi zimekwisha kujaa gundi, hivyo mafuta yanaingia kidogo tu, yanabaki yakinata, yanaokota vumbi la Usangu. Ukiyatumia hata hivyo, matambara yake yatandaze nje au yaloweke maji. Yakikunjwa kwa pamoja huweza kujiwasha moto yenyewe.

Kinachofanya kazi vizuri zaidi kwa bei ya huku ni klia ya magari (rangi angavu ya juu) yenye hadina, yaani kigandishi chake. Maduka mengi huuza ya uwiano wa 2 kwa 1, lakini fuata kilichoandikwa kwenye kopo lako. Piga koti 3 au 4 nyembamba, ukiacha dakika 10 hadi 15 kati yake. Hadina hiyo ina sumu ya mapafu: kitambaa puani hakisaidii, tumia barakoa yenye vichujio vya kemikali na upigie mahali penye upepo. Asiye na mashine ya kupulizia atumie vanishi ya polyurethane kwa brashi laini, ya kwanza ikizimuliwa kwa tina sehemu 1 kwa vanishi 3, na msasa 400 kati ya koti.

Piga kati ya saa nne asubuhi na saa tisa alasiri. Ukipiga kukiwa na ukungu, kama ule wa Uporoto, klia inageuka ukungu mweupe inapokauka. Ikikutokea, subiri siku ya jua, sugua kwa 600, piga koti moja tena.

Mng'aro mkali hauwafai wawindaji. Baada ya wiki moja sugua kwa sufi ya chuma nyembamba kuliko zote au msasa 1500 wenye maji ya sabuni.

Kisha pakeni sehemu zisizoonekana, ambazo karibu kila mtu husahau: ndani ya mfereji wa mtutu, mahali pa sanduku la risasi, matundu ya skrubu, na juu ya yote mti uliokatwa chini ya pedi. Nyuzi zilizokatwa kwa upana hunywa maji kama kawaida hata zikiwa za tabaka. Vitako vinavyovimba baada ya masika ya Novemba hadi Aprili karibu vyote vimeingia maji kupitia huko.

Tina imechuruzisha rangi nyekundu kwenye tabaka nyeupe.

Asetoni na tina kali huyeyusha baadhi ya rangi hizi. Sugua kwa 180 hadi doa liishe. Safari nyingine ondoa vumbi kwa kitambaa kikavu na brashi, na koti la kwanza la klia liwe jembamba sana, likauke kabisa, lizibe rangi. Jaribu kwanza ndani ya mfereji.

Bunduki yangu ni .375 H&H, yenye teke kubwa. Kuna la ziada?

Ndiyo. Weka kiungo cha chuma cha milimita 6 hadi 8 kinachopita upande hadi upande nyuma ya jino, na cha pili kati ya sanduku la risasi na triga, vyote vikizungukwa na epoksi. Nguzo za alumini ni lazima. Bunduki nyingi za aina hii zina jino la pili chini ya mtutu. Lilazwe kwa epoksi nalo kwa namna ileile. Ule uzito wa ziada wa tabaka, ambao mwenye .308 anaulalamikia akipanda milima ya Kipengere, hapa unapunguza teke, na hakuna atakayelalamika.

Baada ya kumaliza, nipige risasi ngapi kabla ya kuamini?

Shabaha ya zamani haipo tena, hata kama darubini haikuguswa. Katika eneo linaloruhusiwa, anza mita 25, kisha 100, risasi tatu tatu, ukiacha mtutu upoe hadi uweze kuushika. Kaza upya skrubu baada ya risasi 20 za mwanzo, kwa spana ileile na kipimo kilekile. Kisha ifungue mara moja utazame epoksi: nyuma ya jino panatakiwa pang'ae sawasawa. Pakiwa na doa linalong'aa upande mmoja tu, rudia kulaza sehemu hiyo. Fanya yote hayo wiki kadhaa kabla ya Julai, msimu unapofunguliwa, kwa sababu epoksi ya kurudia itadai muda wake, na kufikia hapo baridi imekwisha kuingia.

Mikwaruzo ya porini inarekebishwaje?

Isiyofika kwenye mbao, msasa 1500 na nta. Iliyofika, dondoshea klia kidogo kwa kijiti cha meno, acha ikauke, sawazisha kwa 600 kwenye kibao, maliza kwa 1500. Usiiache wazi hadi mwisho wa msimu.